Mashua Iliyopitia Matadi

Neno la kupitia bandari ya Matadi lilitoka kinywani mwangu. Wakubwa wa ukoo walipolaumu, walimlaumu baba mdogo peke yake, naye hakuwahi kuwaambia kwamba kidole kilichoonyesha njia kilikuwa changu. Ninaliandika hapa mwanzoni, nisije nikapata ujanja wa kuliruka.

Tulikuwa watoto wanne, na mimi ndiye wa kwanza, yaya wao, kama tunavyomwita dada mkubwa. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, akafia kazini. Mama alimfuata kabla ya mwaka na nusu kwisha, kwa ugonjwa ambao hospitali iliuita jina moja na shangazi akauita jingine. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilimaliza muhula, nikarudisha vitabu vya shule, nikaanza kufuma triko, yaani sweta, kwa mashine ya mkono aliyoniachia mama, kwa sababu Bukavu kuna baridi na kila mwanafunzi anahitaji triko ya bluu. Hakuna aliyeniambia niache masomo. Siku moja asubuhi niliwavisha wadogo zangu watatu, nikawasindikiza hadi barabarani, nikarudi nyumbani kufuma, na ikawa hivyo.

Nyumba yetu ilikuwa Cimpunda, kule juu ambako nyumba zimeshikana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali na bati, na karatasi yake ya kiwanja ilikaa katika sanduku la mama, chini ya vitenge vyake. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu. Niliwahi kuona watoto wa jirani, waliofiwa kama sisi, wakigawanywa Jumapili moja baada ya misa: huyu kwa mjomba, yule kwa shangazi, kila mmoja na kifurushi chake kichwani. Sijui kama walikuja kulala tena chini ya bati moja. Nilijiambia kwamba maadamu ile nyumba ilikuwa yetu, hakuna aliyekuwa na sababu ya kutugawanya.

Mlezi wetu kwa desturi alikuwa baba mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na baba. Alikuwa karani ofisini, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowajua na mshahara uliokuja siku ulipotaka wenyewe. Mke wake alikuwa amerudi kwao, hawakupata mtoto. Alipanga chumba Nyawera, lakini kila jioni akitoka kazini alipanda mlima hadi kwetu na abakosi yake, suti ya ofisi isiyovaliwa na tai, akihema, na kabla hajaketi alikagua madaftari ya wadogo zangu. Aliniita "mama," kama baba alivyoniita. Sijaona mtu aliyetupenda zaidi. Ninalisema hilo kwa sababu ukisikia kwamba mtu alichukua pesa za yatima akaagizia mashua ya starehe kutoka Ulaya, unapata picha ya mtu mwingine kabisa.

Pesa zenyewe ni zile ambazo kiwanda kililipa baada ya kifo cha baba. Ziliwekwa kwa ajili ya masomo ya wadogo zangu, na kila mwezi zilinunua vitu vichache kuliko mwezi uliopita. Baba mdogo aliliona hilo mapema. Alisema pesa ikikaa inakufa, lazima iwe kitu, na kitu hicho kiwe kinafanya kazi.

Jumapili alikuwa anatupeleka kutembea kando ya ziwa upande wa Muhumba. Kule tuliwaona walimu na madaktari wa kizungu, na wakubwa wa mjini waliokuwa wamepewa na serikali maduka yaliyonyang'anywa wageni, wakipakia mikate na kreti za bia katika mashua ndogo zenye mota, waende kula na kuogelea hadi jioni upande wa kisiwa cha Idjwi. Mashua hizo, au bato kama tulivyosema sisi, zilikuwa chache. Watu waliziomba kwa zamu, na mwenye nayo aliikodisha kwa bei aliyotaka.

"Unaona bale?" baba mdogo aliniambia. "Siku moja tu banalipa pesa ya triko yako makumi mawili."

"Na kama mvua inanyesha?"

"Banalipa vilevile, mama. Banakaa chini ya turubai, banakunywa."

Kulikuwa na mfanyabiashara mjini aliyekuwa anauza moja. Baba mdogo alikwenda kumwona na akarudi akicheka kwa hasira. Bei yake ingenunua nyumba yetu na ya jirani. Lakini pale ofisini alifahamiana na mwalimu mmoja Mbelgiji, na huyo akamwambia kwamba kwao, joto likisha kwisha, watu huuza mashua kama hizo karibu bure, kwa sababu hawana pa kuziweka wakati wa baridi. Mwalimu alikuwa anakwenda likizo. Yeye angelipa kule kwa faranga za kwao, na akirudi angepokea zaïre zetu hapa. Baada ya miezi miwili picha ilikuja katika bahasha: mashua nyeupe yenye mstari wa bluu, viti sita, kitambaa cha kivuli, imesimama juu ya kigari cha magurudumu mawili mbele ya nyumba ya matofali mekundu. Hata ukiongeza nauli, alisema baba mdogo, itakuwa nusu ya bei ya yule mwizi wa mjini.

Nauli ndiyo iliyotuleta mezani. Barua ya mwalimu ilitaja njia mbili. Ya kwanza ilipitia Mombasa, halafu lori kupitia Kenya, Uganda na Rwanda, na gharama yake ilizidi bei ya mashua yenyewe. Ya pili iliishia Matadi, na ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza.

"Mama, wewe ulisoma géographie," baba mdogo alisema. "Matadi iko mbali?"

Nilileta daftari langu. Ndani yake mlikuwa na ramani ya Jamhuri niliyoinakili ubaoni kwa masomo mawili mazima, maji yote yamepakwa kwa kalamu ya bluu niliyoazima, na masista waliotufundisha walikuwa wamenipa tisa juu ya kumi. Niliweka kidole baharini. Hapa Matadi. Kutoka hapa hadi Kinshasa kuna treni. Kutoka Kinshasa, mto hadi Kisangani. Kutoka Kisangani mto unaendelea kupanda, unaitwa Lualaba, hadi mahali unapokutana na Lukuga. Lukuga inatoka ziwa Tanganyika. Tanganyika inafika Uvira. Na Uvira ndipo inapoingia Ruzizi, inayotoka kwetu, hapa chini ya mlima. Isipokuwa pale kwenye treni, kidole changu hakikutoka katika bluu.

"Lakini Ruzizi iko na maporomoko," nilisema. Hilo kila mtu wa Bukavu analijua. Umeme wetu unatoka pale.

"Ile kipande tutalipa camion. Uvira, Luvungi, tunapanda milima, tumefika. Siku moja." Alikuwa amekwisha kusimama. "Na iko bato, mama! Kitu ya maji inatembea ku maji. Kuipandisha ku camion toka Mombasa juu ya nini? Ni kama kubeba mbuzi ku mugongo na yeye iko na miguu mine."

Wadogo zangu walicheka sana. Mdogo wa mwisho alianza kuigiza mbuzi.

"Na Matadi iko ku kwetu?" baba mdogo aliuliza, ingawa alijua.

"Iko ku kwetu."

"Basi. Hakuna Kenya, hakuna Uganda, hakuna mutu wa kuniuliza passeport ya bato. Nchi moja, douane moja."

Somo la mito yenyewe, mahali inapoanguka na mahali vyombo visipopita, lilikuwa la mwaka wa tatu. Mimi niliishia wa pili. Baba mdogo alichukua kalamu yake nzuri, akaandika kwenye fomu kwa mwandiko ule wa kupendeza: *Matadi, en transit pour Bukavu*. Alijivunia maneno hayo ya mwisho. Maana yake ni kwamba mzigo uko safarini kwenda Bukavu, na ushuru usingelipwa Matadi kwa watu tusiowajua, ungelipwa Bukavu, ambako alimfahamu karani wa forodha tangu shule ya msingi. Hata hapo alikuwa anatuokolea pesa.

Msimu wa mvua ulipita na kiangazi kikaanza kabla habari haijaja. Siku alipopata karatasi ya kuwasili, baba mdogo alipanda mlima mchana, saa za kazi, akiipunga hewani. Cimpunda nzima ilijua kabla ya jua kutua. Tangu siku ile walimwita Capitaine, yaani nahodha.

"Capitaine! Tutapanda lini?" aliita mama mmoja jirani yetu aliyeuza ndakala, mwanamke mwenye mwili.

"Maman, wewe utalipa viti mbili!"

"Nitalipa tatu! Moja ya kuweka miguu!"

Alicheka hata samaki wake wakamwagika chini. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufuma kofia sita nyeupe, moja kwa kila kiti, kwa ajili ya wateja.

Halafu zikaanza barua. Wakala wa mizigo kule Matadi aliandika kwamba mashua iko bandarini lakini karatasi moja haina muhuri. Baba mdogo alitafuta muhuri, akatuma. Wakala akaandika kwamba muhuri ni sahihi lakini karatasi ni nakala, wanataka ya asili. Barua ilichukua mwezi kwenda na mwezi kurudi, na kwa kila mwezi bandari ilidai malipo ya kuweka. Baba mdogo hakuwa anaongea tena akipanda mlima. Alikagua madaftari ya watoto, akanywa chai, akakaa akitazama ile picha ya nyumba ya matofali mekundu. Mwisho akaomba likizo isiyo na mshahara. Alisema karatasi haijui kubembeleza. Lazima mtu aende.

Ndege ya abiria hatukuiweza. Alipata nafasi katika ndege ya mizigo ya jeshi, kupitia mtu aliyemjua mtu. Tulimsindikiza wote watano, mimi, wadogo zangu na rafiki yake mwenye gari, hadi uwanja wa ndege wa Kavumu. Njiani tulisimama kijiji cha Miti kumuaga shangazi, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, aliyekuwa na shamba pale kando ya barabara. Alimpa gunia dogo la maharage.

"Na batoto unabaachia nani?" alimuuliza.

"Mama yabo huyu hapa." Alinionyesha kwa kidevu.

"Huyu? Huyu njo mutoto na yeye."

"Da, umuone akifuma. Anafuma kama mashine."

"Triko haibebe nyumba," shangazi alisema, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Uwanjani watu walipanda kwa mlango wa nyuma, kama magunia, na kuketi juu ya magunia. Baba mdogo aligeuka mara moja, akainua mkoba wake. Yule mdogo wa mwisho aliuliza kama ndege ikifika Matadi itarudi na bato tumboni.

Baada ya hapo tulikuwa na phonie. Kwa wasioijua, phonie ilikuwa redio ya mapadre. Jumamosi asubuhi ulikwenda misheni, ukapanga foleni, ukaingia katika chumba kidogo ambamo mtu mwenye vifaa masikioni aliita mji unaoutaka. Mwenzako kule alikuwa amepanga foleni kama wewe. Ukimaliza kusema ulitamka "à vous" ili mwenzako apate zamu, na usipotamka mlikaa kimya nyote wawili mkisubiriana. Mlango haukufungwa. Kila ulichosema na kila ulichojibiwa kilisikika hadi nje, na foleni ilikuwa na maoni.

"Mama, niliiona!" Sauti yake ya kwanza kutoka Matadi ilikuja kama imepita katika mchanga. "Iko nyeupe. Iko sawasawa na foto. Nilikaa ndani. À vous."

"Uliketi kiti gani, papa mudogo? À vous."

"Ya dereva! À vous."

"Muulize kama alivuka bahari!" mzee mmoja alipiga kelele kutoka foleni, na wote wakacheka, hata mwenye vifaa masikioni.

Muhuri ulipatikana. Gari la treni halikupatikana. Kila Jumamosi nilikwenda, na mara nyingi mawingu yaliharibu sauti, nikarudi bila kitu. Miezi minne ilipita hivyo. Triko nilifuma, lakini bei ya uzi ilipanda kila nilipokwenda kuununua. Nilipangisha chumba kimoja kwa fundi viatu na mke wake, halafu cha pili kwa mwanafunzi, na sisi wanne tukalala katika kilichobaki, vichwa ukutani na miguu katikati. Wadogo zangu walikwenda shule. Hilo sikuliachia. Wakifukuzwa kwa karo Jumatatu, Jumatano nilikuwa mbele ya mkurugenzi na triko za watoto wake mkononi, na Alhamisi walirudi darasani. Lakini nikikaa mbele ya mashine, mikono inakwenda, nilijua kwamba yote yanayotuhusu yalikuwa yanaamuliwa mahali ambapo singeweza kufika hata kama ningetembea mwaka mzima.

Mashua ilifika Kinshasa. Jumamosi hiyo sauti yake ilikuwa safi, kama anaongea chumba cha pili.

"Mama, nilizungumuza na capitaine ya kweli, mwenye barge. Nilimuonyesha njia yetu. Anasema maji haikamatane. À vous."

"Haikamatane namna gani? À vous."

"Ku Kisangani mto inaanguka. Banatoa mizigo, banaweka ku treni mpaka Ubundu. Halafu bateau mpaka Kindu. Halafu treni tena. Na ile Lukuga, anasema hata pirogue inashindwa, ni treni mpaka Kalemie. Kila fasi tuliweka bleu kuko treni. À vous."

Alisema "tuliweka." Bluu ile niliipaka mimi peke yangu, na yeye alisema "tuliweka," mbele ya foleni nzima. Mwenye vifaa akanigusa bega.

"À vous," alininong'oneza. "Sema kitu, dada, saa inakwenda."

Nikauliza kama hawezi kuiuza hapohapo Kinshasa. Alikuwa amekwisha kujaribu. Watu walioitaka walikuwepo, hata mmoja aliyetaka kulipa vizuri. Lakini karatasi ilisema *en transit pour Bukavu*, na kitu kilicho safarini hakiuzwi njiani mpaka ushuru wote ulipwe kwanza, palepale, pamoja na malipo ya bandari. Hakuwa na pesa ya kuupeleka mbele wala ya kuusimamisha ule mzigo. Na muda ukipita, serikali ingeuza mashua kwa mnada.

Aliyoyataka hakuyasema kwenye phonie. Aliyaandika, akampa msafiri. Bahasha moja ilikwenda kwa wakubwa wa ukoo, nyingine kwangu. *Mama,* aliandika, *toa karatasi ya kiwanja. Mfanyabiashara wa jirani anataka nyumba kwa depo yake ya mizigo, atalipa mara moja. Nikilipa ushuru nitauza bato hapa na tutanunua nyumba nyingine, kubwa kuliko hiyo.* Niliisoma hadi nikaikariri. Najua aliamini kila neno. Ndiyo maana iliniumiza. Aliamini kwa moyo uleule aliokuwa nao tulipotazama bluu pamoja.

Wakubwa walikuja Jumapili baada ya misa. Walikuwa watatu: shangazi wa Miti, mzee mmoja wa ukoo kutoka Kabare, na binamu ya baba aliyelima mpunga Luvungi. Nilipika bugali, sombe la majani ya mihogo na samaki wakubwa wawili walionigharimu wiki ya kazi. Viti vilikuwa vitatu, nikawapa. Mimi nilikaa juu ya sanduku la mama. Wadogo zangu niliwaambia wakae nje, lakini niliona vivuli vya miguu yao chini ya mlango.

Mzee alizungumza vizuri. Alisema ndugu yetu yuko taabani mbali, na mtu hamwachi nduguye. Alisema nyumba ni matofali, matofali yanapatikana. Halafu akapanga. Kijana ataenda Luvungi, msichana ataenda Miti, na mdogo wa mwisho atakaa Kabare kwa mzee mwenyewe.

"Kule kuko mupunga, atashiba," alisema binamu wa Luvungi. Alikuwa mtu mwema. "Na atanisaidia kufukuza ndege."

"Na masomo?" niliuliza.

"Masomo iko kila fasi."

"Na mimi?"

"Wewe uko mukubwa," shangazi alisema. "Utaolewa. Ama unataka kuzeeka na ile mashine yako?"

Binamu alicheka, halafu akaacha.

"Karatasi iko wapi?" mzee aliuliza.

"Iko ku sanduku."

"Lete basi, mutoto yangu."

Sikuwa na hoja. Nilizitafuta usiku na mchana tangu barua ije na sikuzipata. Walikuwa na haki kwa desturi, na waliyosema juu ya baba mdogo yalikuwa kweli, na mimi ndimi niliyemwonyesha njia ile. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilikuwa nimeketi. Sikusimama.

"Unasikia?" shangazi alisema. "Simama, utoe karatasi ya baba yako."

"Ninasikia, shangazi."

"Unabishana na bakubwa?"

"Sibishane."

"Sasa?"

Mvua ilianza juu ya bati, ikapiga hadi hatukuweza kuongea, na tukakaa hivyo, wao watatu wakinitazama na mimi nikitazama mikono yangu. Ilipopungua, mzee aliongea polepole.

"Bato itaenda ku mnada. Ndugu yetu atabaki kule, mikono mitupu, hata pesa ya kurudi hana. Unajua vile?"

"Najua, muzee."

"Unajua, na unakaa?"

"Najua."

Shangazi alisimama wa kwanza. Maji ya kunawa yalikuwa tayari katika beseni, na hakuna aliyeyagusa. Kwetu, jamaa akitoka nyumbani mwako bila kugusa chakula, amekwisha kusema kila kitu, na watu watakisema baada yake kwa miaka. Binamu wa Luvungi aligeuka mlangoni, akawatazama wale samaki, akaenda zake. Wadogo zangu waliingia mbio. Walikula samaki siku mbili na walifurahi sana.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda misheni na mdogo wangu wa pili. Nilimwambia anisubiri nje. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi wao walikuwa walewale. Yule mama wa ndakala alikuwepo, anatafuta habari za mwanawe mwanajeshi. Hakuniuliza kitu kuhusu Capitaine. Cimpunda, habari zinatembea bila phonie.

Kinshasa iliitika mara ya tatu.

"Mama, uko? À vous."

"Niko, papa mudogo. À vous."

"Balikuja, bakubwa? À vous."

"Balikuja. À vous."

"Ulituma karatasi? À vous."

Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, maneno mengi, ya kueleza na ya kuomba radhi. Mbele ya kile chuma chenye matundu nilibaki na moja.

"Sikutuma. À vous."

Kelele ya hewa ilikuja, ile kama mafuta yanayokaangwa. Nilifikiri mawingu yamemchukua. Mwenye vifaa alizungusha kitu kidogo, akainua kidole kuniambia kwamba bado yupo, anapumua tu.

"Wapangaji banalipa?" aliuliza mwishowe. Alikuwa amesahau kusema "à vous," tukasubiriana. Halafu akasema tena: "Batoto banasoma? À vous."

"Banasoma. Bote watatu. À vous."

"Na ule mudogo, hesabu yake? À vous."

"Alipata sita juu ya kumi. À vous."

"Sita iko kidogo." Sauti ilikwenda ikarudi. "Umuambie aandike namba zake wima, si za kulala. Anachanganya moja na saba. À vous."

"Nitamuambia. Papa mudogo, utarudi lini? À vous."

Hilo hakulijibu, au alijibu na halikufika. Mwenye vifaa aliita Kinshasa, akaita tena, akatikisa kichwa. Sikuisikia tena sauti yake. Jumamosi tano zilizofuata nilikwenda, na kule hapakuwa na mtu aliyepanga foleni kwa ajili yetu. Baadaye watu waliokwenda Kinshasa walituletea habari tofauti: kwamba anaandikia watu barua nje ya ofisi fulani, kwamba amehamia upande wa pili wa mto, kwamba anaumwa. Mashua iliuzwa kwa mnada. Hilo lilikuja kwa karatasi yenye muhuri, ya asili.

Lakini siku ile nilikuwa sijayajua hayo. Nilitoka katika kile chumba, foleni ikanipisha njia. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi na daftari magotini.

"Papa mudogo amesema nini, yaya?"

"Anasema muandike namba wima."

Alinitazama kuona kama kuna jingine. Nikamshika mkono, tukaanza kupanda kwenda nyumbani.